Maswali ya Wasomaji: Ukisafiri Nchini Mwako Bado U Mgeni

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimeandikwa na Waafrika Mashariki wanaosafiri Afrika Mashariki, na karibu zote zinauliza, kwa njia moja au nyingine, kama kanuni wanazosomewa watalii kutoka ng'ambo zinawahusu na wao. Zinawahusu, na mahali pengine zinawahusu zaidi, kwa sababu mgeni aliyetoka Ulaya akikosea adabu husamehewa kwa kuwa hajui, ilhali anayezungumza lugha ya mwenyeji hana pa kujifichia. Barua zimefupishwa na majina yameondolewa.

Tunafunga ndoa Mwanza, na likizo tuliyopewa kazini imeangukia mwezi wa Ramadhani. Tumekwisha kulipia hoteli Unguja kwa ajili ya fungate. Sisi ni Wakristo. Marafiki wanatuambia kwamba tutashinda na njaa, na kwamba tukionekana tunakunywa maji tutakamatwa. Je, tuahirishe?
*Wachumba, Mwanza*

Hongereni, na msiahirishe. Hoteli za ufukweni huendelea kuwapikia wageni wao mchana kutwa, na hata Mji Mkongwe haikosekani hoteli inayowahudumia wageni ndani, nyuma ya pazia. Kinachobadilika ni maisha ya barabarani. Msile, msinywe wala msivute sigara njiani, ndani ya daladala, sokoni Darajani wala kwenye viti vya bustani ya Forodhani mpaka jua lizame. Marafiki zenu hawakutia chumvi walipotaja kukamatwa, kwa maana wapo waliochukuliwa na polisi kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani, na hoja ya kwamba mtu ni Mkristo au ametoka Bara haimsaidii pale anapokutwa na chapati mkononi. Kunyweni maji chumbani kabla ya kutoka. Mkiwa kwenye teksi yenye dereva aliyefunga, mwulizeni kwanza. Atawaambia mnywe tu, lakini atakuwa ameombwa ruhusa ndani ya gari lake mwenyewe.

Jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii ni saa. Aliyefunga tangu alfajiri huanza kuchoka alasiri, na ikikaribia saa kumi na mbili jioni kila mtu anakimbilia nyumbani kufuturu. Kumwambia nahodha wa mashua awazungushe baharini kutazama machweo, kisha mkachelewa kurudi, ni kumnyima futari pamoja na wanawe kwa ajili ya picha yenu. Pangeni matembezi ya asubuhi, mpumzike mchana, mtoke tena baada ya magharibi. Usiku mtaukuta mji umechangamka kuliko miezi mingine: Forodhani kuna urojo, mishikaki na juisi ya miwa, na watu hutembeleana hadi karibu na wakati wa daku.

Mkialikwa kufuturu, nendeni, na msiende mikono mitupu. Tende au matunda yanatosha. Fikeni kabla ya adhana, msubiri pamoja na wenyeji, na mle mnachopewa bila kuanza kueleza imani yenu kwa watu ambao hawakuwauliza.

Kuhusu mavazi, nimewaona wanawake wa Dar es Salaam na Nairobi wakikatiza vichochoro vya Mji Mkongwe na kaptura fupi, wakiamini kwamba tangazo la kufunika mabega na magoti limebandikwa kwa ajili ya Wazungu. Kanga moja begani na nyingine kiunoni zinamaliza kazi, na vazi la kuogelea libaki ufukweni. Wanaume nao, vifua wazi ni vya baharini. Kwa kuwa ninyi ni maharusi, niongeze kwamba kubusiana barabarani hakupendezi hapo mwezi wowote, sembuse huu. Na zile baraza za mawe mnazoziona nje ya nyumba si viti vya manispaa, kwani ni sehemu ya nyumba ya mtu, ambako hukaa na jirani zake na kupokea wageni. Mkitaka kupumzika juu yake, toeni salamu kwanza kwa aliyepo.

Nilikuwa Paje asubuhi moja, maji yamekupwa, akina mama wakivuna mwani. Nikapiga picha chache kwa mbali. Mmoja akanifokea na kunirushia tope la mchanga, na mwenzake akanidai pesa. Ufuo ni wa umma, na mimi si mtalii kwa sababu ninazungumza nao Kiswahili. Kosa langu lilikuwa nini?
*Msomaji, Nairobi*

Kosa lako ni kwamba ulizungumza nao Kiswahili baada ya kupiga picha.

Fikiria hali waliyokuwamo. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na kwa miaka yote hiyo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Kazi yenyewe hufanyika maji ya bamvu, bahari inapokupwa kwa mbali na kuacha mashamba ya vijiti na kamba yakiwa wazi kwa saa chache. Katika saa hizo mama ameinama, maji yamemfika magotini, kanga imelowa na kumgandia mwilini, na kilemba kimemlegea kichwani. Mwanamke yule yule ukimkuta jioni kijijini amejisitiri vizuri kabisa. Wewe ulimchukua katika hali ambayo asingekubali hata jirani yake amtazame kwa kumkodolea macho, na alijua kwamba picha ile ingeweza kufika kwenye simu za watu asiowajua kabla maji hayajajaa. Ungesikia vipi kama mtu angempiga picha mama yako akifua uani?

Hoja ya ufuo wa umma nayo haisimami sana. Kila shamba la mwani lina mwenyewe anayejulikana, hata kama halina ukuta, na wageni huyakanyaga kila siku wakiwa wameinua simu. Wanaocheza mchezo wa kuvutwa na tiara baharini nao wamegombana na wakulima wa Paje kwa muda mrefu kuhusu maji hayo hayo. Kwa hiyo tope ulilorushiwa huenda halikuwa lako peke yako.

Pesa ni suala jingine, na hapa nakutetea kidogo. Kudaiwa pesa baada ya picha hakupendezi, lakini kumetokana na desturi ya wageni kupiga kwanza na kutoa noti baadaye ili kutuliza hasira, hadi wenyeji wakaona kwamba noti ndiyo bei yenyewe. Ukitaka picha ya mtu, msalimie, ujitambulishe, useme picha itakwenda wapi, na uwe tayari kukataliwa bila kununa. Akikubali, mwonyeshe ulichopiga, na akikwambia ukifute, kifute mbele yake. Mkikubaliana malipo, yawe kabla. Paje kuna kituo cha mwani ambako wageni hulipa na kutembezwa mashambani na watu wanaoifanya kazi hiyo, na huko picha zinapigwa kwa ridhaa, tena unaondoka umeelewa unachokitazama.

Kuhusu sheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiichapisha sura ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake unaweza kujikuta unajibu maswali magumu kuliko ya mama wa mwani.

Wanangu watatu wanataka kuogelea na pomboo Kizimkazi na kushika viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota. Nimesoma kwamba ni vibaya. Je, niwanyime?
*Baba, Dodoma*

Viti vya pweza wasivishike kabisa. Kile kiumbe hupumua kwa maji, na kila boti inayofika humkuta amelala mchangani, akatolewa, akapitishwa mikono kumi na kurudishwa, halafu ikaja boti nyingine. Wavalishe watoto miwani ya kuzamia wamtazame alipo, kwa sababu akiwa chini ya maji utamwona akitembea, jambo ambalo hafanyi kiganjani.

Pomboo ni habari ndefu zaidi. Kizimkazi zamani pomboo walivuliwa ili nyama yao iwe chambo cha papa, na utalii ulioanza miaka ya 1990 ndio uliowafanya wavuvi waone faida ya kuwaacha hai. Kwa hiyo nisingependa watu waache kwenda. Tatizo ni namna tunavyokwenda. Watafiti waliofuatilia pomboo wa kusini mwa Unguja waligundua kwamba boti za watalii zinapokuwapo, wanyama hao hupunguza kupumzika na kukaa pamoja, na muda wao mwingi huishia katika kusafiri, yaani kukimbia. Asubuhi ya msimu utakuta boti nyingi zimelizunguka kundi moja, manahodha wakipiga kelele "ruka, ruka!", wageni wakijirusha mbele ya pomboo, na pomboo wakizama na kuibukia kwingine, kisha mbio zinaanza upya.

Zungumza na nahodha ufukweni kabla ya kulipa. Mwambie unataka aende sambamba na kundi bila kulikatiza, apunguze injini, na kwamba hutaki watoto warushwe majini juu ya wanyama. Mwambie pia kwamba utamlipa kamili hata wasipoonekana, maana nahodha anayefukuza pomboo anafanya hivyo kwa hofu ya mgeni atakayekataa kulipa. Mkiwa huko, pitieni msikiti wa kale wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, mkiwa mmevaa kwa stara na mmeomba ruhusa kwa mwangalizi wake.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Wageni huniahidi bakshishi nzuri nikichepuka barabara kuwasogeza kwa duma. Nikikataa, wanaandika mtandaoni kwamba mwongozaji hakuwa mchangamfu, na ofisi inaniita kuniuliza. Msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara ndio mbaya zaidi. Nifanye nini bila kupoteza kazi?
*Dereva, Arusha*

Kaka, kwanza pole, kwa maana umewekwa katikati ya watu wenye pesa na sheria inayokuadhibu wewe. Serengeti ukichepuka barabara au ukipita mwendo wa kilomita 50 kwa saa, faini na jina baya ni vyako, na mgeni aliyekushawishi anapanda ndege.

Nakupa silaha moja ya kutumia mezani asubuhi, kabla hamjaingia porini, kwa sababu mgeni akishamwona mnyama hasikii tena. Mtafiti Femke Broekhuis alifuatilia duma wa Maasai Mara kati ya mwaka 2013 na 2017. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba katika maeneo yenye watalii wengi jike alifanikiwa kukuza hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa mzao mmoja, ilhali penye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Waambie wageni wako takwimu hizo kwa utulivu. Waeleze kwamba hapakuwa na haja ya gari kumgonga duma yeyote. Duma huwinda mchana na hutegemea macho na mbio fupi. Magari yakimzunguka, swala wanashtuka, windo linaharibika, mama anatengana na watoto, na walio wadogo wanaweza kufa. Mgeni aliyelipa maelfu ya dola kuja kumwona duma hapendi kuambiwa kwamba yeye ndiye anayemmaliza, na nimeona wengi wakinyamaza hapo hapo.

Kwa upande wa Kenya, kanuni za Mara zinataka magari yasiyozidi 5 kumzunguka mnyama mmoja, mengine yakisubiri kwa mbali, na kila gari likae dakika 10 kama kuna foleni. Kanuni hiyo huvunjwa mno, tusidanganyane, lakini unaweza kuifanya desturi ya gari lako hata upande wa Serengeti, ukiwatangazia wageni tangu mwanzo kwamba mtakaa muda fulani kisha mtawapisha wengine.

Mtoni, kitu cha kuwafafanulia ni namna nyumbu wanavyoamua. Kundi hufika ukingoni, likanusa, likarudi nyuma, likafika tena, na linaweza kufanya hivyo nusu siku. Magari yakijipanga kwenye njia yao ya kushukia au ya kutokea ng'ambo, nyumbu huvukia penye ukingo mkali, wakavunjika miguu na kukanyagana. Simamisha gari mbali na ukingo, zima injini, na usikubali mtu ateremke. Wageni wakinung'unika, waambie kwamba waliobanana mbele wanaona migongo ya magari, kwa maana mara nyingi ndivyo ilivyo.

Hilo la ofisi ni gumu zaidi. Kampuni inapaswa kuandika katika mkataba wa safari kwamba dereva hachepuki barabara na haongezi mwendo, ili mgeni alalamikie karatasi aliyoitia sahihi. Zungumzeni madereva kadhaa pamoja, msiende mmoja mmoja. Na ninyi wasomaji mnaokodi magari ya kwenda hifadhini, mkiandika maoni yenu mtandaoni mtajeni kwa jina jema dereva aliyewakatalia.

Kikundi chetu cha kazini kinataka kupanda Kilimanjaro mwezi wa nane. Tumepewa bei tatu, na moja ni karibu nusu ya nyingine. Wengi wanataka hiyo ya chini. Mimi nina wasiwasi.
*Mhasibu, Dar es Salaam*

Wewe ni mhasibu, basi ikate hiyo bei vipande vipande. Ada za hifadhi zimepangwa na ni zile zile kwa kampuni zote. Mchele, gesi na usafiri wa kutoka Moshi hadi getini havitofautiani kwa kiasi cha kuipunguza bei hadi nusu. Kinachobaki ni watu, yaani waongozaji, wapishi na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Bei ya chini sana huwa na maana kwamba mgumu analipwa kidogo au analipwa kwa kuchelewa, analala wengi katika hema la kulia chakula wageni wakishamaliza, anakula mara moja kwa siku, na anabeba kupita kiasi baada ya mizani ya getini.

Waulizeni wote watatu maswali haya kabla ya kuchagua: mpagazi atalipwa kiasi gani kwa siku, na lini; atalala wapi; atakula mara ngapi; nani atahakikisha kwamba ana koti na viatu vya baridi ya kambi za juu za Barafu au Kibo; na uzito wa mzigo wake utapimwa wapi, ukizingatia kwamba kikomo ni kilo 20. Anayejibu kwa hasira mmeshamjua. Kuna shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project linalofuatilia namna kampuni zinavyowatendea wapagazi, na kampuni zinazoshirikiana nalo zinafahamika.

Nina neno moja la uchungu kwa Watanzania wenzangu. Wako wanaopanda mlima, wakafika Uhuru penye mita 5,895, wakashuka wakiimba, na siku ya mwisho wakaondoka bila kutoa bakshishi kwa hoja kwamba bakshishi ni ya Wazungu. Sisi tunalipa ada ndogo zaidi ya wageni wa nje kwa sababu hifadhi ni yetu, na hilo ni jema, lakini begi la Mtanzania halipungui uzito kwa sababu ya uraia wa mwenye begi. Changeni kabla ya kupanda, mkabidhi kila mtu chake mkononi mbele ya wenzake, msimpe mmoja bahasha ya wote. Na mpunguze mlivyobeba. Sijawahi kuelewa kwa nini watu hupandisha spika ya muziki hadi kambi ya Shira, ambako wengine wamekuja kutafuta usingizi.

Ninaishi Minneapolis na nimezaliwa Mombasa. Mwaka huu naleta wanangu, wenye miaka 14 na 16. Shule yao inawataka wajitolee, na wamependa wafanye kazi wiki moja katika kituo cha watoto yatima. Tumekusanya pia pipi, kalamu na nguo. Ndugu yangu ananiambia niache. Kwani kosa ni lipi?
*Mama, Marekani*

Dada, nia yako ni njema, na ndugu yako yuko sahihi.

Watoto wengi wanaoishi katika vituo hivyo wana mzazi au ndugu aliye hai, na wamefikishwa pale na umaskini, au na mtu aliyeiahidi familia shule na chakula. Vituo vinavyotegemea wageni vinahitaji watoto wa kuonyeshwa. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wake wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia na jamii. Sasa mweke mtoto wa miaka 5 katika hali hiyo: wiki hii anabebwa na kijana mpole kutoka Minneapolis, anamzoea, anamwita dada, halafu Jumamosi dada anaondoka, na Jumatatu anakuja mwingine. Isitoshe, Marekani hakuna shule ingeruhusu wageni wasiochunguzwa waingie na kuwabeba watoto na kuwapiga picha. Kinachokatazwa kwao kisiwe halali kwetu kwa sababu sisi ni maskini.

Pipi zigawe kwa watoto wa ndugu zako, na mama zao wakiwepo. Zikigawiwa barabarani huwafundisha watoto kuacha shule na kufukuza magari ya wageni, na zinawaacha na meno mabovu mahali ambapo daktari wa meno yuko mbali. Kalamu na madaftari, nunua Mombasa, ukamkabidhi mwalimu mkuu au kamati ya shule uliyoiuliza kwanza inahitaji nini. Unaweza kukuta wanahitaji tangi la maji au malipo ya mlinzi. Nguo zitakugharimu pesa ya mzigo kwenye ndege, na mitumba tunayo tele.

Wanao nao wapewe kazi iliyo kubwa zaidi ya kujitolea. Waache wakae na bibi yao wiki nzima bila ratiba, wakune nazi, waende gengeni kununua nyanya, wajifunze kusema shikamoo kwa mtu anayestahili na wasikie wenyewe namna jibu linavyobadilika. Walimu wao wakitaka ripoti, waandike kuhusu hayo.

Je, ni adabu kwa mwananchi kudai bei ya mwananchi kila mahali?
*Msomaji, Morogoro*

Katika hifadhi na makumbusho ya taifa ni haki yako, beba kitambulisho. Kwa mchonga milango au mwuza vikapu, patana kwa utani na upole, lakini ukishataja bei naye akakubali, lipa. Kumwondokea wakati huo ni utovu wa adabu unaojulikana kila soko la pwani. Mapapasi wa Unguja, wale wanaowafuata wageni njiani kuwauzia huduma, na vijana wa ufukweni wa Diani, wakatalie kwa sentensi moja yenye salamu ndani yake. Kuwapita kama hawapo huwachokoza zaidi.

Vijana wa kanisa letu wanapanga kutembelea Kaya Kinondo tukiwa Diani. Tumeambiwa kwamba kabla ya kuingia msituni tutafungwa kitambaa cheusi, hatutaruhusiwa kuchukua hata jani, na hatutakiwi kukumbatiana humo. Baadhi ya wazazi wanasema huko ni kushiriki mizimu. Wengine wanasema tuingie lakini tukatae kitambaa. Unatushauri nini?
*Kiongozi wa vijana, Voi*

Nianze na hao wa pili, kwa sababu pendekezo lao ndilo baya zaidi kati ya mawili. Mtu ambaye dhamiri yake inamkataza kuingia ana njia ya heshima kabisa, nayo ni kubaki nje na kuwasubiri wenzake. Kuingia nyumbani kwa watu huku ukikataa masharti ya nyumba hiyo ni ubabe, na vijana wenu wasingeukubali kama wageni wangeingia kanisani kwao na kofia vichwani wakati wa ibada.

Kaya ni mabaki ya makazi ya kale ya Wamijikenda, yaliyojengwa ndani ya msitu tangu karne ya 16 na kuachwa kama makazi kufikia miaka ya 1940, huku wazee wakiendelea kuyatunza kama mahali pa mababu. UNESCO iliingiza misitu 10 ya aina hiyo, iliyotawanyika katika pwani ya Kenya kwa umbali wa kilomita 200 hivi, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na Kinondo, iliyo ya Wadigo, ni mmojawapo. Sharti la kutochukua jani si ushirikina mtupu kama wazazi wanavyodhani. Tazameni pande zote za Diani namna msitu wa pwani ulivyokatwa kupisha hoteli na viwanja, kisha mwingie Kinondo mwone miti minene iliyobaki, na mtajua sharti hilo limefanya kazi gani. Mgeni mmoja kuchukua jani si hasara, lakini wazee walijua kwamba hakuna mlinzi anayeweza kutofautisha anayechukua jani na anayechukua gogo.

Mgeni hatakiwi kusali kwa yeyote. Kitambaa ni alama kwamba umeingia mahali pa watu wengine na umekubali mwenendo wao kwa saa chache. Waelezeni wazazi hivyo kabla ya safari, mkiwa na mchungaji, na mwacheni kila kijana aamue mwenyewe bila kuchekwa na yeyote. Watakaoingia wasifanye mzaha na maelezo ya mwongozaji, wasimkatize kwa mahubiri, na wasirudie maneno yake kwa kejeli kwenye basi wakati wa kurudi, kwa sababu dereva wenu wa Ukunda anaweza kuwa mjukuu wa mzee mmojawapo.

Pigeni simu kwa wasimamizi wa kaya wiki moja kabla, mwulize kama siku mliyoichagua haina shughuli za wazee, na mseme mko wangapi. Kama mko zaidi ya watu 20, ombeni kuingia kwa makundi mawili, kwa sababu njia za humo ni nyembamba na mwongozaji anayezungumza kwa sauti ya chini hasikiki na walio nyuma.